Ombi la Kumhamisha Korongo wa Bwawani

Kwa Bwana Msimamizi wa Bustani ya Jiji,

Salamu, na pole kwa kazi. Mimi ndiye yule mpiga picha za harusi wa kando ya bwawa, chini ya mkuyu mkubwa. Naandika nikiwa na akili timamu, ingawa mke wangu ana mashaka, kumlalamikia korongo wako.

Kwanza, hana kibali. Mimi langoni nakaguliwa hadi mfuko wa betri. Yeye anaingia kwa juu na kuchukua mahali pazuri kuliko pote, kwenye gogo lililo majini.

Pili, anajitia katika kila picha. Juzi niliipanga familia moja vizuri, wazazi mbele, mashemeji nyuma, nikasema, "Tulieni!" Shangazi akapiga chafya, bwana harusi akajikuna, mjomba akapokea simu. Aliyetulia ni korongo peke yake, tena kwa mguu mmoja. Bibi harusi alipoiona picha akasema, "Jamani, aliyependeza hapa ni ndege tu!"

Tatu, na hili ndilo linaloniuma, maharusi sasa wanamuulizia yeye. Asipokuwepo wanakaa kwenye nyasi kumsubiri, nami nimesimama pembeni kama mlinzi wake. Heshima ya mtu ni kazi yake, bwana, na yangu imenyakuliwa na ndege.

Nne, hata mkuyu mmeupigilia kibao cha umri wake. Tangu hapo mabibi hawataki kusimama karibu nao, wanaogopa kulinganishwa.

Fahali wawili hawakai zizi moja. Naomba korongo ahamishwe. Ikishindikana, likausheni bwawa. Na hilo likishindikana, ukateni mkuyu anakolala, jua nitalivumilia.

Wasalimie wote ofisini, hasa mama wa langoni, na yule mfagiaji aliyedonolewa na bata bukini. Mwambie tunamwombea.

Ni mimi, niliyechoka kwa adabu zote,
Mpiga Picha wa Bwawani

Baada ya sahihi: Binti yangu anaolewa Jumamosi. Nilimwambia nitampiga picha nyumbani, mbele ya pazia jipya. Amelia tangu asubuhi. Anasema bila korongo hataki picha hata moja. Tafadhali, bwana, msiguse kitu. Na siku hiyo watoto wazuiwe wasije wakamfukuza. Samaki wake nimeshanunua.