Barua kwa Ndugu Kompyuta

Kwa niaba ya Idara ya Vyeti na Uthibitisho, na kwa furaha isiyo kifani, natangaza kwa umma kwamba kompyuta zetu zote kumi na moja zimewekewa mfumo endeshi mpya. Ule wa zamani umestaafishwa kwa heshima zote. Huu mpya unawaka kwa sekunde tisa, una picha ya mlima wenye theluji, na tangu Jumatatu haujachapa cheti hata kimoja.

Hilo la mwisho si tatizo. Ni changamoto, na changamoto zina utaratibu wake.

Fundi aliyeusimika aliondoka na mkoba wake akisema, "Mkikwama, bonyezeni hiyo alama ya kuuliza pale pembeni. Kila kitu kimo kwenye Msaada." Kauli kama hiyo haichukuliwi juujuu. Mimi ndiye Mkurugenzi Msaidizi. Siwezi kukubali karani yeyote aamke tu na kuomba msaada kwa niaba ya idara nzima. Nikaunda Kamati ya Kuutafuta Msaada, mwenyekiti nikiwa mimi mwenyewe.

Jumanne tuliupata. Ulikuwa pale pembeni.

Kilifunguka kisanduku cheupe kilichoandikwa: "Unahitaji msaada gani?" Wajumbe wakakaa vizuri. Swali la maandishi hujibiwa kwa maandishi. Tukaandaa rasimu, tukaipitia mara mbili, na karani wa masjala akaiingiza: "Kumb. Na. IVU/MSD/01. Ndugu Kompyuta, YAH: OMBI LA MSAADA. Kwa heshima na taadhima, husika na kichwa cha habari hapo juu..."

Kisanduku kikagoma kupokea herufi zaidi kabla hatujafika kwenye ombi lenyewe. Jibu likaja papo hapo: "Hakuna matokeo."

Mjumbe mmoja akanung'unika kwamba tumekataliwa. Nikamtuliza. Kompyuta haijakataa, imesema matokeo bado. Tukaiandikia barua ya kuikumbusha. Katika kikao hicho karani wa masjala alinyoosha mkono mara nne, na kumbukumbu zinasema hivyo: "Mjumbe alinyoosha mkono." Hoja yake haikuwamo kwenye ajenda.

Hadi Alhamisi barua zilikuwa kumi na nne, na zote nilizinakili kwa mkono kwenye rejista maana, kama nilivyosema, hatuchapi. Foleni ya wananchi ilikuwa imetoka mlangoni na kukata kona kwa muuza vocha. Ndani ya foleni hiyo, namba thelathini na nane, nikamwona mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Nusu ya mji huu aliifundisha yeye kushika penseli. Nilitoka nyuma ya kaunta mbio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata cheti cha kuzaliwa cha shemeji yako. Chuo cha uuguzi kinafunga usajili leo saa tisa. Bila cheti, nafasi wanampa mwingine."

Binti huyo ameomba chuo hicho miaka mitatu mfululizo. Nikatazama saa ya ukutani: saa saba kasoro kumi. Moyo ulinienda mbio, sifichi, ila mdomo wangu una mazoea yake.

"Mama, suala liko kwenye mchakato."

"Mchakato gani?"

"Tumeiandikia kompyuta."

"Imejibu?"

"Imejibu kwamba hakuna matokeo. Tumekata rufaa."

"Makubwa haya!" akasema mtu huko nyuma.

Mama mkwe akamgeukia karani wa masjala. "Na wewe binti, mbona mkono uko juu?"

"Nimeunyoosha tangu Jumanne, mwalimu. Hapo huandiki barua. Unaandika maneno mawili tu."

"Sasa nimekuona. Sogea tuandike."

Hajawahi kutokea mwananchi akavuka kaunta yetu bila kibali. Mama mkwe alivuka. Naomba nieleweke: mama mkwe hazuiwi. Alivaa miwani, akakigusa kile kisanduku.

Hapa niweke wazi jambo la kitaalamu. Mfumo huu una kumbukumbu nzuri mno. Ukigusa kisanduku, hukuonyesha yote yaliyowahi kuandikwa humo. Pia kompyuta ya kaunta imeunganishwa na skrini kubwa ya ukutani, kwa agizo langu mwenyewe, ili wananchi wajionee uwazi.

Zikateremka barua kumi na nne za kamati. Chini yake zikafuata mbili nilizoandika peke yangu, wengine wakiwa chakulani. Mama mkwe akazisoma kwa sauti, kidole kikifuata kila neno.

"'SIRI. Ndugu Kompyuta, naomba kuelekezwa namna ya kukuzima. Hadi sasa nachomoa waya.' Na hii: 'SIRI SANA. Ndugu Kompyuta, mwenyekiti anawezaje kuonekana anajua kompyuta wakati ha...' Herufi zimeishia hapo."

"Hajui!" foleni ikamalizia kwa pamoja, kama darasa.

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mlinzi aligeukia ukuta, mabega yakimtikisika. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe hakucheka. Aliandika kwa kidole kimoja: "printa haichapi." Msaada ukaleta hatua tatu. Karani akazifuata, na kabla sijapata la kusema, mashine ikakohoa na kutoa cheti.

"Mama, tuanze na cha shemeji," nikamnong'oneza.

"Mimi ni namba thelathini na nane," akasema, akarudi kwenye foleni. "Wewe weka karatasi."

Nikaweka karatasi. Niliweka kwa kasi ambayo idara haijawahi kuirekodi, jicho kwenye saa, koti nimelivua. Saa nane na robo zamu yake ikafika. Saa tisa kasoro dakika tano mke wangu akapiga simu: mdogo wake ameandikishwa, analia kwa furaha. Na mimi kidogo nilie.

Ijumaa nilibandika tangazo ubaoni: "Kutokana na uongozi madhubuti wa Mkurugenzi Msaidizi, Msaada umepatikana." Jioni lilinifikia nyumbani likiwa limesahihishwa kwa kalamu nyekundu. Tarehe tu ndiyo ilipata vema. Chini kuliandikwa: "Mbili kwa kumi. Rudia, kwa maneno matatu."

Nimerudia. Sasa ubao wa idara unasomeka hivi: "Sijui. Muulizeni karani."

Nasubiri kusahihishiwa.