Watumiaji Arobaini na Mmoja wa Runazi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimebaki! Waombaji wengine wote wamechujwa, tumebaki wawili. Kampuni changa ya Mwanza inataka mtengeneza programu mmoja. Mtihani wa mwisho: tengeneza programu ya simu kwa ajili ya wafugaji, pata watumiaji, usaili Alhamisi. Mimi nina stashahada. Mwenzangu ni Derick, fundi simu wa stendi ya Ngara, anayekaza skrubu kwa kisu cha jikoni. Namhurumia.

Shangazi Bernadetha, ninayekaa kwake, amesema nikiikosa kazi hii, Jumamosi naenda Nemba kwa baba mdogo Paschal kulima mihogo. Nilikuwa dirishani, ukungu umefunika bonde lote, nikajiona niko ghorofani Mwanza, naitwa bosi, ziwa zima liko chini yangu.

Jumanne, 10 Juni

Kijijini Runazi, kwa Mzee Shibuda, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga. Programu yangu inahesabu ng'ombe. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamuuliza anao wangapi. Mkewe akaingia ndani. Kisha mzee akasema polepole, "Ng'ombe hahesabiwi, kijana. Ukiwahesabu, wanapungua. Ng'ombe anajulikana."

Basi akanitajia majina yao, akinitafsiria kutoka Kisukuma. Pembemoja. Madoa. Mvua ya Jana. Nikaandika yote. Jioni wakarudi, vumbi jekundu linapanda, kila mmoja akiitwa anageuza kichwa. Nilisahau kilichonipeleka. Nilitamani jioni ile isiishe.

Derick naye alikuwepo! Laptopu hana. Alikuwa anasaidia kunywesha ng'ombe huku akiuliza maswali ya kitoto. Nilicheka moyoni.

Jumatano, 11 Juni

Nimezunguka kaya kumi na mbili. Hakuna anayetaka ng'ombe wake wahesabiwe. Watumiaji: sifuri. Na usaili ni kesho!

Nilijilaza baada ya chakula cha mchana, nikaota Pembemoja ananijazia fomu. Nimeamka na jibu. Majina arobaini na moja ninayo! Nimewasajili wote. Pembemoja Shibuda, mfugaji. Madoa Shibuda, mfugaji. Mfumo ulikataa umri wa miaka minne, nikamwongezea kila mmoja ishirini. Namba za simu: yangu na ya shangazi. Sikudanganya sana. Ni wakazi halali wa Runazi.

Alhamisi, 12 Juni

Usaili kwa video. Dada Happyness, mkuu wa kampuni, alifurahi mno. Watumiaji arobaini na mmoja kwa siku tatu! Akaomba kuongea na mmoja tu, akampigia Pembemoja. Akapokea shangazi, yuko sebuleni kwenye sala ya jumuiya. Kwa sauti iliyonifikia hadi chumbani, akasema yeye ni mjane, Mkatoliki, na hajawahi kuolewa na Shibuda yeyote. Hapo ningeweza kusema ukweli. Nikasema Pembemoja ana aibu.

Dada Happyness akampigia Mzee Shibuda, mtumiaji pekee wa Derick, akamuulizia Pembemoja. Mzee akajibu kwa heshima zote, "Pembemoja hawezi kuja kwenye simu, mama. Ana mimba, na yuko malishoni."

Programu ya Derick haihesabu kitu. Ina picha na majina, na jioni inauliza swali moja: wote wamerudi? Kazi amepewa yeye. Mimi nimeambiwa nirudi nikipata watumiaji wa miguu miwili. Nimeumia. Nililia kidogo nyuma ya migomba.

Jumamosi, 14 Juni

Nemba. Jembe, jua, malengelenge mawili. Baba mdogo Paschal hasemi sana, ananionyesha tu mstari unaofuata. Upepo ulipita juu ya mihogo, majani yakainama na kuinuka, nami nikasimama nimeegemea jembe mpaka akakohoa.

Nimelitafakari sana kosa langu. Kosa lilikuwa ng'ombe. Ng'ombe ana mwenyewe, na mwenyewe ana simu.

Kuna kampuni nyingine, ya Dodoma, inatafuta mtengeneza programu kwa ajili ya wakulima. Wanataka watumiaji mia moja. Mashina ya mihogo hapa yanapita mia tatu, hayaendi malishoni na hayana mzee wa kuyasemea. Nimeanza na mstari wa kwanza. Namba ya simu nimeweka ya Derick. Mtu mwenye kazi hupokea simu kwa adabu.