Daraja la Vifaru Mlilolisahau Mlangoni Pangu

Kwa Mheshimiwa Kamanda,
Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi,
Kambi ya nyuma ya ukuta wa kijani.

Mheshimiwa Kamanda,

Pokea salamu za mzee mwenzako, kama nawe umeshazeeka. Kama bado, zihifadhi, zitakufaa. Mimi ni fundi baiskeli mstaafu, nakaa nyumba ya mwisho kabla ya korongo, ile yenye bati moja jekundu. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nikikosa adabu humu ndani, hesabu kwamba adabu ilikuwa inafundishwa darasa la sita.

Kwa heshima zote na hasira zote, nakuomba uje uchukue daraja lako.

Usiniulize daraja gani. Miaka minne iliyopita vijana wako wakiwa mazoezini walikuja na lile dude la kutandaza madaraja: kifaru kisicho na mzinga, mgongoni kimebeba daraja la chuma lililokunjwa kama kitanda cha mgeni. Walitakiwa kulitandaza kwenye korongo la mazoezi, kilomita mbili kutoka hapa. Wakafuata kibao chenye mshale, wakaja kwangu. Dakika tano tu, daraja limekaa, kutoka ukingo wa kwangu mpaka ukingo wa pili. Kisha dude likazima. Likaletwa dude jingine, kifaru cha kuvuta vifaru wenzake, chenye winchi na mnyororo mnene kama paja langu la ujanani, likamkokota mgonjwa wakaenda zao. Daraja likabaki, kwa sababu mwenye kulinyanyua ndiye aliyekuwa anakokotwa. Mkasema mtarudi wiki ijayo. Nasikia luteni aliyeongoza msafara ule mlimpeleka stoo kuhesabu mablanketi. Ni haki yake. Mtu mwenye nyota mabegani anashindwa kusoma mshale!

Sasa sikiliza matokeo. Ng'ambo ya korongo anakaa shemeji yangu, dada mkubwa wa marehemu mke wangu, mkunga mstaafu. Zamani ili afike kwangu ilibidi azungukie barabara kuu, saa mbili kwa miguu, na kwa hiyo tulipendana sana. Siku hizi anatumia dakika nne. Malalamiko yangu ni haya:

1. Anakuja kila siku saa moja kamili asubuhi. Hodi hapigi. Nikimwambia walau apige hodi, pengine sijavaa, ananijibu, "Shemeji, nusu ya mtaa huu nimeupokea mimi ukiwa uchi. Wewe una nini kipya?"

2. Vidonge vya presha. Ananisimamia nimeze, halafu ananiamuru, "Fungua kinywa. Inua ulimi." Utadhani nimetoka mgodini na almasi. Tumbaku niliyoificha ndani ya tairi kuukuu aliipata siku ya pili. Niliyoificha ndani ya pampu aliipata siku ya tatu, na pampu akaisafisha. Mheshimiwa, mkimwajiri upelelezi, vita vitakwisha kabla ya chai ya saa nne.

3. Daraja lenyewe si daraja la watu. Ni njia mbili za chuma na katikati pengo, kwa kuwa kifaru hakina shida na katikati. Mwezi uliopita fimbo ya shemeji ilitumbukia humo, nikashuka korongoni kuitafuta, mimi mwenye presha, huku yeye amesimama juu ananielekeza, "Kushoto! Kushoto kwako, si kwangu!" Goti lake limeanza kukataa amri, lakini kuja haachi. Mimi mwenyewe sijawahi kulikanyaga daraja hilo. Nikilikanyaga nitakuwa nimelipokea, na sikuliagiza.

Hapo ndipo malalamiko yanapoishia na maombi yanapoanza, ila namba naziendeleza zilezile, karatasi ni moja.

Utashangaa nayajuaje mambo yenu. Sijapeleleza. Sajenti wako anayekuja kila baada ya miezi mitatu kulipaka daraja grisi (daraja mmelisahau, grisi hamjaisahau) alinipa kalenda ya kikosi, kila mwezi na gari lake. Watu wa mtaani wakisikia jeshi wanawaza mizinga na ndege. Mimi kila asubuhi nikinyoosha mgongo natazama wale wengine, wafagiaji na wapishi wa vita, ambao hakuna anayewapigia makofi siku ya gwaride. Kalenda ni ya mwaka juzi, lakini chuma hakiozi kwa kubadilika tarehe. Basi naagiza kwa miezi.

4. Gari la Machi, mtandaza daraja, lije linyanyue mali yake. Lipitie sheli kwanza, lisizime tena hapa.

5. Ninavyomjua shemeji, daraja likiondoka atashuka korongoni kwa matako na kupanda upande huu kwa magoti. Kwa hiyo naomba gari la Juni, lile la kuchimba mahandaki, lenye gurudumu kubwa la makopo ya kuchota udongo. Lichimbe korongo liongezeke kina mara mbili. Mara tatu itakuwa salama zaidi.

6. Akikosa njia atasimama ukingoni kwake kuniangalia kama nimevaa sweta. Hapo nahitaji gari la Septemba, lile la kufukiza moshi, ambalo likianza kazi kikosi kizima kinapotea machoni pa adui. Liegeshwe mbele ya dirisha langu, saa moja kasorobo, kila siku, Jumapili ikiwemo.

7. Uwanja wangu ameuvamia. Kila tairi kuukuu amelijaza udongo akapanda mboga. Hata beseni langu la kupimia pancha lina pilipili. Nipatie gari la Mei, lenye ngoma ya minyororo mbele, inayozunguka na kuichapa ardhi mpaka mabomu yaliyofukiwa yalipuke yenyewe. Lipite mara moja tu kutoka mlangoni hadi chooni. Mabomu hakuna, ila pilipili zile nilizionja, usiseme sikukuonya.

8. Baada ya ushindi huo, mimi ni mtu wa kula. Naomba lile jiko la magurudumu la Agosti. Limeandikwa linalisha askari mia na hamsini. Mimi nakula kidogo, waliobaki tutaelewana. Pia lori la Oktoba, la kufulia nguo za jeshi porini, kwa ajili ya mashati yangu mawili na shuka. Na lile gari la wagonjwa lililovishwa chuma, Novemba, lije Jumatatu na Alhamisi kunipima presha, kwa maana kifaa cha kupimia ni cha shemeji.

9. Mwisho, gari la Desemba, lenye vipaza sauti juu, linalokwenda mstari wa mbele kumwambia adui ajisalimishe. Nimeona nyumba itakuwa kimya mno. Liegeshwe karibu na kitanda, saa moja kamili, lipige kelele, "Fungua kinywa! Inua ulimi!" Sauti iwe ya mwanamke. Iwe na ukali kidogo, lakini si ukali wa kweli.

Nimejumlisha: magari manane, na kwa hesabu yangu askari wasiopungua thelathini, wafanye kazi ambayo sasa hivi inafanywa na mwanamke mmoja mwenye goti bovu. Ukiniuliza hesabu hii inasemaje, nitakujibu kwamba hesabu nayo ilikuwa darasa la sita.

Wasalimie askari wote, wanaofyatua na wanaopika. Msalimie sajenti wa grisi, kiti chake kipo. Msalimie mkeo, na dada za mkeo pia, ila kwa umbali unaofaa.

Mimi niliyezingirwa nyumbani kwangu,
Fundi Baiskeli, Bati Jekundu.

Nyongeza: Mheshimiwa, usitume kitu.

Barua hii niliiacha mezani nikaenda dukani kutafuta bahasha. Kurudi nikamkuta shemeji amekaa, miwani puani, yuko namba saba. Akasoma mpaka mwisho. Akafunika sufuria yangu, akachukua fimbo yake, akaenda.

Hiyo ilikuwa jana. Leo saa moja hakuja. Saa mbili hakuja. Vidonge nimemeza mwenyewe, nikainua ulimi mbele ya kioo, nikaona mzee tu.

Saa tatu nikalikanyaga daraja lako. Yeye dakika nne, mimi nane, na nikasimama mara tatu kana kwamba natazama mandhari. Nikamkuta mlangoni kwake, goti limefungwa kitambaa. Akanitazama toka kofia mpaka ndala, akasema, "Shemeji, umesahau kuagiza gari la kukunyoa ndevu." Nikavuta kigoda nikakaa.

Na kwa kuwa nimeshauanza ukweli, ngoja niumalize. Vijana wako hawakupotea. Kile kibao cha mshale nilikigeuza mimi, kwa spana namba kumi na nne. Sajenti wako alikuwa ameniletea baiskeli nizibe pancha, akanisimulia, kwa kujisifu tu, kwamba kesho dude litapita pale penye kibao na daraja linakaa kwa dakika tano. Mke wangu alikuwa kitandani, haamki, anamuulizia dada yake. Dada naye kwa saa mbili za kuzunguka alikuwa anafika mara moja kwa wiki, amechoka, anageuza. Nilidhani litakaa siku moja. Nilitaka siku moja tu, Mheshimiwa. Mkasahau, nikapata miezi mitano ambayo mke wangu alifumbua macho kila asubuhi dada yake yuko pembeni, wananisengenya wote wawili mbele yangu. Halafu akatuacha, na shemeji akaendelea kuja.

Haya sikuwahi kumwambia mtu. Leo nilimwambia shemeji pale kigodani. Akakifungua kitambaa cha goti, akakifunga upya. Kisha akasema, "Fungua kinywa. Inua ulimi."

Kwa hiyo daraja liache. Kama ni lazima utume gari, tuma dogo lenye mbao mbili za kuziba lile pengo la katikati, kwa sababu ya goti lake, na sasa kwa sababu ya presha yangu, maana nitakuwa navuka. Luteni mtoe kwenye mablanketi, mshale aliusoma vizuri kabisa. Ukitaka kunikamata nipo. Ila polisi wako wa jeshi waje baada ya saa moja, nikishameza vidonge, na hodi wapige.