Shimo Langu na Shimo la Shemeji

Jumatatu, 3 Juni
Shemeji, kaka wa mke wangu, ametangaza kwamba anavundika mahindi mabichi shimoni, yasiingie hewa, yawe chakula cha ng'ombe wake miezi ya kiangazi. Eti kushindilia tu ni siku mbili! Nami nina shimo. Nitamtangulia. Ng'ombe wetu ni mmoja, wa mke wangu, aliyeachiwa na marehemu baba yake. Majani yakikauka hatuna kingine cha kumpa.

Jumanne, 4 Juni
Nimemaliza kwa siku moja! Nimekatakata mahindi, nimeyamwagia molasi, nimefunika kwa nailoni na mawe juu. Kushindilia? Nilipita juu mara mbili, viatu vikalowa. Inatosha. Shemeji bado anakanyaga lake kama yuko kwenye gwaride. Nikampungia mkono. Mke wangu aliuliza kama hewa yote imetoka. Nikamwambia hewa haili majani.

Jumapili, 9 Juni
Nimefunua pembeni, kunusa tu. Harufu tamu! Shemeji anasema shimo lisiguswe wiki sita. Wivu huo. Fundi baiskeli alitaka kuona, nikamfunulia. Jioni akamleta mkewe.

Jumamosi, 20 Julai
Siku ya kufungua. Mke wangu alikuja na karai jipya. Ukungu. Nikachimba zaidi: ukungu tena, na majani ya moto yaliyooza. Ng'ombe alinusa, akageuza kichwa. Mke wangu hakunifokea. Alisema tu, "Baba aliniachia mimi, mimi nikakuamini wewe." Nimeona aibu.

Jumatatu, 22 Julai
Ng'ombe amehamia kwa shemeji hadi mvua zirudi. Mke wangu alimpeleka mwenyewe. Shemeji hakucheka hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Amesema bado ana majani mabichi kidogo. Agosti atafungua shimo, na litawatosha ng'ombe wote. Banda letu kimya. Najuta. Najuta kweli.

Jumapili, 28 Julai
Mke wangu na shemeji wamekwenda kumwona mama yao. Nikapita kumsalimia ng'ombe. Kakonda kidogo, roho ikaniuma. Nikawaza: na majani ya shimo la shemeji yakiharibika, je? Lazima mtu mwenye uzoefu ayakague. Nimefunua pembe moja ya shimo. Halafu ya pili, nilinganishe. Mazuri mno! Ng'ombe kala kwa pupa. Mawe sikuyarudisha yote, maana kesho nakuja kukagua tena.