Kwangu Hatutazami Moja kwa Moja

Ndugu zangu wa kundi hili la darasa letu, leo nimeumbuka. Sisemi nimeona aibu kidogo. Nimeumbuka mbele ya mtaa wetu wote wa Kanyenye, mke wangu akiwepo, nikiwa nimevaa koti.

Naandika kwa haraka, kwa hiyo makosa ya herufi mnisamehe. (Makosa mengine mtayakuta hapa chini. Hayo sijui kama yanasameheka.)

Mnaukumbuka ule ujumbe wa wiki iliyopita? Ule uliosema kila nyumba yenye televisheni itatakiwa kuwa na leseni, isipokuwa nyumba isiyotazama matangazo ya moja kwa moja? Mimi ndiye niliyeuleta humu. Mara tatu. Niliuamini kabla sijamaliza kuusoma, na nilifurahi sana, kwa sababu kwangu hatutazami moja kwa moja. King'amuzi kiko juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, kinasubiri siku ya kiama. Sisi tunatazama vitu vya kwenye flashi tu: harusi za watoto, mahubiri, filamu zenye mtu wa kutafsiri, na mechi. Mechi naitazama nikishajua matokeo. Katika umri wa miaka sabini na sita, moyo wangu hautaki kitu nisichojua mwisho wake. Mama Kulwa, mke wangu, anampigia kwanza mtoto wetu wa Dar, anauliza, halafu ananiambia: "Hii tazama," au, "Hii iache."

Siku nne nzima nimebishana na Mzee Pazi kuhusu leseni hiyo.

Pazi ni Mzaramo. Alikuja Tabora kijana, akafanya kazi reli, akastaafu, pwani akarudi kwa kusalimia tu. Ni rafiki yangu kwa zaidi ya miaka hamsini, na ni mtani wangu, maana Wanyamwezi na Wazaramo tunataniana tangu babu zetu walipokutana kwenye misafara. Yeye huniita mpagazi. Mimi humwambia kwamba mzigo pekee ambao Mzaramo anaweza kuubeba ni ngoma.

"Televisheni ni televisheni," Pazi alisema jana. "Ng'ombe usipomkamua anageuka mbuzi?"

"Wewe huna hata televisheni," nikamjibu. "Unabishia nini?"

Ni kweli hana. Hana televisheni, hana redio. Hajamiliki chombo chenye sauti tangu ujana wake. Aliapa. Na sababu ya kuapa naijua. (Naijua vizuri mno. Subirini.)

Sasa leo, saa nne asubuhi, nimekaa barazani, Mama Kulwa yuko jikoni anachemsha matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha. Akatokea binti mmoja mwandishi wa habari, ameshika kipaza sauti, nyuma yake kijana mwenye kamera begani.

"Shikamoo, babu. Tunatafuta wazee wa kutoa maoni kuhusu huu uvumi wa leseni ya televisheni."

Uvumi! Nilitaka kumsahihisha hapo hapo, lakini niliona kamera, na moyo wangu ukaruka kama wa mtoto. Televisheni! Mimi! Miaka yote hii naangalia watu wengine humo ndani!

"Marahaba, mjukuu wangu. Umefika penyewe. Nisubiri dakika moja."

Nikakimbia ndani (nilikimbia kweli, goti na lote) nikatoa koti la harusi na kofia.

"Koti la nini na jua lote hili?" Mama Kulwa akauliza.

"Naingia kwenye televisheni!"

"Hiyo ambayo huitazami?"

Nilitoka nje nikifunga vifungo. Kifungo cha tatu kina tabia mbaya. Wakati nahangaika nacho yule binti alikuwa ananieleza jambo, nami nikawa naitikia, "Sawa, sawa, mjukuu wangu." Akalieleza tena. Nikasema sawa tena. Kifungo kikaingia. Kamera ikawaka taa nyekundu.

Swali la kwanza: je, nyumba isiyotazama matangazo ya moja kwa moja inahitaji leseni?

Ndugu zangu, nilijibu! Mngekuwepo mngepiga makofi. Nilisema haihitaji hata kidogo. Nilisema anayetazama harusi ya binti yake haibi mawimbi ya mtu. Nilisema siku hizi watu wenye akili hawatazami chochote moja kwa moja, hao wanaotazama ni watu wasio na kazi. Watu wakaanza kusimama barabarani. Bodaboda wawili wakazima pikipiki. Nikapandisha sauti.

Swali la pili: "Babu, tunasikia zamani hata redio ilikuwa na leseni. Unakumbuka?"

"Nakumbuka sana! Mkaguzi alikuwa anapita. Ukikutwa huna leseni, redio inaondoka."

"Kuna mtu unayemfahamu aliyechukuliwa redio yake?"

Hapa ndipo nilipaswa kusema hapana. Neno moja tu, nikavua koti, nikala matobolwa yangu. Lakini ile kamera ina jicho. Inakutazama kana kwamba imetoka mbali kuja kukusikiliza wewe peke yako. Na kwa miaka hamsini na kitu hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali hilo. Jibu lake nilikuwa nimelibeba kifuani muda wote huo. Mdomo ukafunguka wenyewe.

Nikasema: kulikuwa na kijana wa reli, mpangaji mwenzangu. Alinunua redio ya betri, nzuri, ya kung'aa. Kila jioni wasichana wa mtaa walikuwa wanajaa barazani kwake kusikiliza muziki, na mmoja wao mimi nilikuwa namtaka. Mimi sikuwa na redio. Nilikuwa na taa ya chemli. Basi siku moja nikamfuata mkaguzi wa leseni nikamnong'oneza. Kesho yake redio ikaondoka, haikurudi tena. Yule kijana akaamini kwamba aliyemchongea ni Fundi Sadala, mshona nguo wa jirani. Hakumpa salamu Sadala mpaka Sadala anaingia kaburini. Tena mazikoni alisimama akatangaza kwamba amemsamehe marehemu, na mimi nilikuwa nimeketi pembeni yake nikamwambia, "Wewe una moyo wa pekee."

"Sadala hakufanya lolote," nikamwambia yule binti. "Ni mimi. Mimi Maganga ndiye niliyemchongea Pazi!"

Jamani, nilijisikia mwepesi! Kama mtu aliyetua gunia. Nikampigapiga binti begani, nikamwambia kwa upole:

"Hapo nilipomtaja Pazi mtapakata. Mkishakata ndipo mrushe."

Binti akanikodolea macho. Kijana wa kamera akaanza kuchunguza viatu vyake.

"Babu," binti akasema polepole, "hatuwezi kukata."

"Kwa nini? Mkasi wenu umeharibika?"

Kabla hajajibu, nikasikia sauti ng'ambo ya barabara. Ilitoka kwa kinyozi, ambaye televisheni yake huwa wazi kutwa nzima.

"Mimi Maganga ndiye niliyemchongea Pazi!"

Nikageuka. Nikadhani kuna mtu ananiigiza. Kisha duka la simu nalo likasema: "Mimi Maganga ndiye niliyemchongea Pazi!" Kisha mgahawa wa chai. Kila televisheni ilikuwa inachelewa kwa kadiri yake, hivyo nilikiri mara nne ndani ya dakika moja, na mara ya mwisho, pale mgahawani, walikuwa wameongeza sauti!

Halafu nikajisikia nawaambia mtaa mzima, kwa zamu, kwamba hapo mtapakata.

(Nimeambiwa baadaye kwamba yule binti alinieleza mara mbili: "Babu, tuko hewani moja kwa moja." Nilikuwa na kifungo.)

Ninyi mnanijua. Mtu ambaye nyumbani kwake kila kitu kimeshatokea jana, ataelewa vipi kwamba anaonekana sasa hivi? Nilisahau kabisa kwamba kuna watu wanaotazama kitu wakati kinatokea. Na Pazi, kwa sababu hana televisheni, ananyolewa kwa kinyozi huyo huyo. Kila wiki. Siku hii hii.

Pazia la kinyozi likafunguka.

Akatoka Pazi. Shuka la kinyozi shingoni, povu shavu la kushoto, shavu la kulia limeshanyolewa. Akavuka barabara bila kuangalia kulia wala kushoto, na pikipiki zikasimama kumpisha. Wale waliokuwa wanacheka wakanyamaza. Kamera ikamfuata.

Akasimama mbele yangu. Hakuniita mpagazi. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Maganga."

"Naam."

"Sadala alinishonea kanzu ya Idi, nikamrudishia kwa kumtupia mlangoni."

"Najua. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nimekosa, ndugu yangu. Sina la kujitetea. Nilikuwa na wivu, kisha nikawa na woga, na woga ukadumu kuliko wivu." Nikavua kofia. Sikujua mikono niiweke wapi.

Povu likawa linamdondoka taratibu kwenye shuka. Nilifikiri, leo nimempoteza mtu huyu, tena kwa kupenda kuonekana. Sikuwa na habari tena ya mtaa, wala leseni, wala koti.

Kisha sauti ikatoka mlangoni kwangu. Mama Kulwa, mwiko mkononi.

"Baba Kulwa. Huyo msichana uliyekuwa unamtaka ni nani?"

"Ni wewe," nikasema.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimeolewa kwa sababu redio ilizimwa?"

Mtaa ukalipuka! Bodaboda wakapiga honi. Pazi akajaribu kujizuia, mabega yakaanza kutikisika, povu likaruka, na mwisho akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza langu. Nami nikaanza kucheka, nusu nalia.

"Wewe usicheke!" akanielekezea kidole. "Mambo mawili. La kwanza, kesho asubuhi mimi na wewe tunakwenda kwa watoto wa Sadala. Wewe utaeleza, na mimi nitaomba radhi kwa ile kanzu. Koti hilo hilo ulivae."

"Nitalivaa."

"La pili ni faini ya utani. Redio yangu iliondoka kwa mdomo wako. Nachukua televisheni."

"Mzee mwenzangu, ichukue. Wajukuu watakuletea jioni."

"Wajukuu?" Akawageukia watu. "Mmemsikia? Babu zake walibeba pembe kutoka hapa mpaka kwetu pwani, kwa miguu, miezi mitatu, bila kulalamika! Yeye kubeba televisheni hatua mia nne anatafuta wajukuu! Mpagazi, twende!"

Ameniita mpagazi! Sijawahi kulifurahia neno hilo kama leo.

Mama Kulwa alikuwa ameshachomoa waya. (Haraka ile sikuipenda.) Akaifunga televisheni kwa kanga mbili, akanitwika begani, na msafara ukaanza. Mbele Pazi na shuka lake la kinyozi, nusu ndevu nusu hakuna. Nyuma yake mimi, koti, jasho, na inchi thelathini na mbili. Nyuma yangu Mama Kulwa na bakuli la matobolwa, kwa sababu alisema safari ndefu haina budi kuwa na chakula. Kisha kamera. Kisha Kanyenye. Kinyozi naye alikuja, ameshika wembe, akidai hajamaliza kazi.

Njiani binti akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

"Babu, unajisikiaje?"

"Nzito," nikamwambia.

"Na kuhusu leseni, tumezungumza na manispaa. Wanasema hawaijui leseni ya namna hiyo. Ni uvumi tu."

Nikasimama. Televisheni ikayumba. "Kwa hiyo haikuwepo?"

"Haikuwepo, babu."

"Tembea!" Pazi akapaza sauti kutoka mbele.

Kwa kila televisheni tuliyoipita nilijiona ndani yake, nyuma kidogo ya mahali nilipo, nikiwa bado sijafika. Simu yangu ililia mfukoni njia nzima. Kulwa akiwa Dar. Doto akiwa Nzega. Mtoto wa shemeji Igunga, ambaye hajanipigia tangu Pasaka.

Tumeiweka kwa Pazi juu ya meza. Amekaa mbele yake bila kuiwasha, ameitazama muda mrefu, kisha akaifuta vumbi kwa kona ya lile shuka. Akaniuliza inawashwa vipi. Nikamwonyesha. Akaniambia nikae.

Sasa niko nyumbani. Ukutani pamebaki misumari miwili na alama ya mraba. Mama Kulwa anaitazama alama hiyo, halafu ananitazama mimi, halafu anauliza redio ile ya Pazi ilikuwa inapiga muziki gani jioni ile ya mwisho. Anasema yeye anakumbuka.

Kwa hiyo wale mlioniuliza humu kama nyumba isiyotazama moja kwa moja inahitaji leseni, hilo swali mpelekeeni Mzee Pazi, mwenye televisheni. Mimi nina ombi moja tu. Najua mtacheka, ila msinicheke moja kwa moja. Rekodini kwanza, mcheke kesho, nikiwa nimeshatoka kwa watoto wa Sadala.