Stika ya Pijo Nyingine

Jumatatu, 2 Juni 2025. Bilele.

Jana baada ya ibada limesomwa tangazo: wiki hii magari yote yapelekwe uwanjani kukaguliwa. Hata ya zamani. Nimeudhika sana. Pijo yangu ni ya mwaka 1967, nyeupe, niliachiwa na marehemu baba. Ilishafika Kampala mara nne kabla mkaguzi hajazaliwa. Leo eti ipanuliwe mdomo kama mbuzi wa mnadani.

Nimemwambia Rutaihwa, mwenzangu wa kanisani, kwamba gari la kale ni urithi, na urithi haupimwi. Rutaihwa naye ana Pijo nyeupe kama yangu, ndiyo maana hatupendani sana. Yake huipeleka kukaguliwa kila mwaka bila kuitwa. Akanijibu kwa upole kwamba anayepimwa presha mara kwa mara ni mzee, siyo kijana. Watu wakacheka. Jibu nililipata nilipofika nyumbani, na lilikuwa jibu baya.

Ukweli nauandika hapa tu. Breki yangu hushika ukikanyaga mara tatu. Siku nyingine nne.

Jumanne, 3 Juni.

Njia imepatikana. Pijo mbili nyeupe. Vibao vinne vya namba. Bisibisi moja.

Nimemwomba Rutaihwa gari lake, kesho asubuhi tu. Nikasema langu lina pancha na nina mgeni wa kumpeleka Maruku, kwenye kituo cha utafiti wa migomba. Hakuuliza mgeni ni nani. Akaliosha gari, akafuta viti, ndipo akanipa funguo. Nilitamani aniulize hata swali moja, nipate kumchukia kidogo.

Jumatano, 4 Juni.

Vibao nimebadilisha nyuma ya ghala la kahawa. Skrubu moja imepotelea majanini.

Mkaguzi alikuwa Afande Evelyne, trafiki mwembamba mwenye kalamu mbili mfukoni. Akaendesha kidogo, akakanyaga breki. Gari likasimama kama limepigiliwa msumari. Taa sawa. Usukani sawa. Akawaita wenzake waje waone mzee anavyotunza gari. Akanipa mkono. Nikaomba stika niibandike mwenyewe nyumbani, kwa sababu kioo kina vumbi. Kioo kilikuwa kinang'aa. Akanipa tu.

Nimerudisha vibao mahali pake, kisha gari kwa mwenyewe. Rutaihwa ameuliza kama mgeni alifurahi. Nikasema sana.

Alhamisi, 5 Juni.

Klaudia, mke wangu, ana miaka sita hajapanda Pijo. Leo ameiona stika. Ameisoma yote, akaigusa kwa kidole.

"Basi Jumamosi tukamlete mama kutoka Muleba," akasema. "Jumatatu ana daktari wa macho, na basi linamchosha."

Nikasema mabasi ya siku hizi ni mazuri sana. Akanitazama. Akauliza kama stika ni ya kweli au si ya kweli. Nikasema ni ya kweli.

Na ni ya kweli. Hiyo ndiyo shida yake.

Jumamosi, 7 Juni.

Kwenda tulifika salama. Nilikwenda polepole hadi tukapitwa na baiskeli iliyobeba mikungu mitatu.

Kurudi, mama mkwe, Ma Alistidia, alikaa nyuma akituombea safari njema. Mteremko kabla ya Kemondo nikakanyaga breki. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Mguu ulikwenda chini kama umekanyaga uji. Mbele yetu akina mama walikuwa wanavuka na ndoo kichwani. Nikakata kona. Tukaingia kwenye kibanja cha watu. Migomba mitatu ikalala. Wa nne ukatushika.

Ma Alistidia, kwa macho yale, akauliza tumefika kwa nani.

Mwenye kibanja, Mama Restituta, alitoka na jembe. Akaitazama migomba yake. Akamtazama mama mkwe. Akaweka jembe chini, akamsalimia, akaleta mkeka na kahawa za kutafuna. Mama mkwe akamshukuru kwa kutukaribisha. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeteguka, unavimba. Klaudia aliufunga kwa kanga. Mimi hakunitazama.

Trafiki aliyefika ni Afande Evelyne. Aliitazama stika kwa muda mrefu.

"Breki hii niliipima mwenyewe, mzee wangu," akasema. "Nimekosea wapi?"

Nilijifanya natafuna kahawa.

Jumapili, 8 Juni.

Meza ya Bwana sikuikaribia. Baada ya ibada Rutaihwa akaniambia habari: Afande Evelyne ametakiwa ajieleze kwa maandishi kwa nini alipitisha gari bovu. Huenda akaondolewa kwenye ukaguzi. Rutaihwa amesikitika. Anasema ndiye mkaguzi asiyepitisha gari kwa sababu ya undugu.

Nimetunga hadithi mbili. Ya kwanza, kuna adui alikata bomba la breki. Ya pili, panya. Zote zinafika vizuri hadi pale yule binti anapouliza amekosea wapi.

Jumatatu, 9 Juni.

Nimemwomba Rutaihwa anipeleke kituoni. Njiani nikamwambia yote. Akasimamisha gari. Nilijua atanishusha.

"Kwa hiyo mgeni wa Maruku hakuwepo?"

Nikasema hakuwepo.

"Na mimi nilimfutia viti," akasema. Akawasha gari, tukaendelea.

Nimeeleza mbele ya mkuu wao na Afande Evelyne. Evelyne alikuwa ameshika maelezo yake, kurasa mbili, mwandiko wa shule. Hakunikaripia. Alisema tu kwamba tangu Jumamosi anazipima breki za kila gari mara mbili, maana hajiamini tena. Nilitazama viatu vyangu. Vibao vya namba nitajibu mahakamani. Pijo haitaingia barabarani mpaka itengenezwe na kupimwa upya.

Nyumbani nikamwambia Klaudia. Alisikiliza hadi mwisho.

"Nilikuuliza," akasema. "Na mama alikuwa nyuma."

Akaenda kumlisha mama yake. Nimebaki sebuleni na mdomo wangu.

Alhamisi, 19 Juni.

Mimi sasa ni mtu mwingine. Mkono wa mama mkwe unapona. Nimempelekea Mama Restituta miche ya migomba, nikaipanda kwa mikono yangu. Rutaihwa ameanza kuniitikia salamu. Klaudia amekubali Pijo itengenezwe, kwa sharti kwamba Afande Evelyne aipime. Nimeapa mbele ya mama yake.

Leo fundi Hussein ameleta orodha. Breki. Usukani. Sakafu ya mbele imeoza, ikatwe yote iwekwe bati jipya.

Breki, sawa. Usukani, nani atabishana na usukani? Lakini sakafu. Sakafu haijawahi kumgonga mtu. Ni suala la abiria kujua mahali pa kuweka miguu. Nimemwambia Hussein aiache kwanza.

Kisha nimepita dukani kwa Yasmin nikapima zulia. Lile zito la kijani linaenea mlango hadi mlango. Likigundishwa kingo zote, hakuna wa kulifunua.