Mimi Kathembo, Kapteni wa Kilabu ya Boti

Jumatatu, 9 Februari 2015

Daftari jipya. Naandika Kiswahili cha jeshi ili Edisa asisome. Mke wangu anasoma Lhukonzo, anasoma Kiingereza kidogo, na anasoma uso wangu wote. Kiswahili hapana.

Leo mkutano wa Kilabu ya Boti za Tanga hapa Katwe, kando ya ziwa. Sisi viongozi wote tunajitolea. Hakuna mshahara, hakuna hata soda. Mwenyekiti ni Docus, mwalimu mstaafu, mama mwenye sauti kama kengele. Katibu ni Fred anayetengeneza simu pale sokoni. Hamidah anapokea wageni na kukaanga samaki. Benoît ni kapteni. Benoît ni Mkongo wa upande wa Butembo, fundi mbao, jirani yangu, rafiki yangu. Boti zetu mbili kajenga yeye, na tanga kashona yeye kwa turubai. Sawa. Lakini nani alimshikia misumari? Mimi.

Mimi ni Mshauri.

Habari kubwa! Jumapili tunapata wageni kutoka kilabu moja ya boti kule Entebbe. Docus alisema kila kiongozi atatambulishwa kwa jina na kazi, atasimama, atapigiwa makofi, atasema machache. Fred akasoma orodha. Kila mtu hapa anajua desturi ya kutambulisha: mdogo anaitwa kwanza, mkubwa anaitwa mwisho. Wa mwisho, Kapteni Benoît. Wa kwanza, Mshauri Kathembo.

Wa kwanza! Kabla ya mpishi! Mimi niliyepikia brigedi nzima!

Nikauliza kama ni kosa la kalamu. Fred akasema hapana mzee, siyo kosa. Docus akasema tuendelee mbele.

Mimi ni mtoto wa kiume wa tano. Kwetu jina Kathembo ndiyo maana yake. Kaka wanne walichota sahani kabla yangu, nyama niliijua kwa harufu. Leo nina miaka sitini na nane na bado nahesabiwa kwa zamu za wengine. Haiwezekani.

Jumanne, 10 Februari

Mpango umekuja! Ulikuja nikinyoa ndevu, nikajikata.

Nilimpelekea Fred samaki wawili, ngege wanene. Nikavuta kiti. Nikamwambia kwa sauti ya huruma kwamba kuna neno la siri. Benoît ni mkimbizi. Mkimbizi hapendi jina lake liitwe mbele ya wageni, wala liandikwe kwenye ubao wa viongozi. Huko alikotoka, jina likiitwa kwa sauti, mtu harudi nyumbani. Yeye ana aibu ya kukataa. Basi tumsaidie kimya kimya. Tusimuulize, tukimuuliza tutamvunjia heshima.

Fred aliacha bisibisi. Akasema maskini ya Mungu, kumbe, hata sikufikiri. Akalifuta jina kwa raba palepale. Halafu akauliza nani sasa asimame mwisho kama kapteni.

Nikatazama dari. Nikasema mimi sipendi makuu, lakini kwa ajili ya rafiki nitaubeba huo mzigo.

Akauliza kama najua kuendesha boti ya tanga. Nikacheka kicheko cha afande. Hakuuliza tena.

Je, ni uongo? Siyo uongo wote. Wako wakimbizi wasiopenda kuitwa. Nimewaona kwa macho yangu.

Alhamisi, 12 Februari

Siku mbaya.

Nilikuwa nakula maharage. Benoît akaingia na karatasi. Anasema mimi ni mutu ya maneno, nimusikilize, asiaibike Jumapili. Laurentine, mke wake, amemnunulia shati jeupe kule Mpondwe, mpakani, na amekwisha kulipiga pasi mara mbili. Akasimama katikati ya kuku wetu, mikono imenyooka kama kuruta, akasema hivi: Miye naitwa Benoît. Niko fundi. Hii maboti nilijenga na mikono yangu. Karibuni, tupande pamoja.

Kwisha. Akaniuliza kama siyo mingi sana.

Halafu akakaa na kuniambia jambo ambalo sikumuuliza. Amevuka mpaka miaka saba sasa. Kwa miaka saba jina lake limeitwa kwenye foleni tu. Foleni ya maharage, foleni ya blanketi, foleni ya kadi. Jumapili itakuwa mara ya kwanza liitwe halafu watu wapige makofi. Amempigia mama yake simu kumwambia.

Nikasukuma sahani ya maharage kando. Nilifungua mdomo nimwambie. Mungu shahidi, niliufungua. Kilichotoka ni kwamba apaze sauti kidogo, ili watu wa nyuma wasikie.

Akanishukuru kwa mikono miwili.

Edisa alikuwa anachambua mchele. Akasema mzee, mbona unatoka jasho na uko kivulini. Nikasema pilipili. Akasema kwenye hayo maharage hakuna pilipili.

Jumamosi, 14 Februari

Nimeamua kuwa mtu mwema. Asubuhi nilikwenda kwa Fred, mwendo wa haraka, kumwambia arudishe jina la Benoît. Kweli nilikwenda! Na niandikiwe hilo.

Lakini nilikuta ubao umekwisha pakwa rangi, unakauka juani. VIONGOZI WETU WA KUJITOLEA. Hamidah. Fred. Docus. Na chini kabisa, kwa rangi nyekundu, herufi kama mikate: KAPTENI MKUU, MZEE KATHEMBO.

Nilisoma mara nne. Herufi zote nilizijua. Nikarudi nyuma hatua tano nikasoma kwa mbali. Nikaenda upande, nikasoma kama mtu anayepita njia.

Fred akauliza mzee, ulikuwa na neno? Nikasema ndiyo. Funika ubao kwa gunia mpaka kesho. Vumbi ni jingi.

Jumapili, 15 Februari

Nitaandika yote.

Wageni walikuja kumi, wamevaa kofia nyeupe. Kiongozi wao ni mama mmoja anaitwa Aryemo, mpole, mrefu. Docus akaanza kutambulisha. Hamidah akasimama, makofi. Fred akasimama, makofi. Docus akajitambulisha mwenyewe, akajipigia makofi. Benoît alikaa benchi la mbele na lile shati, ametulia. Alijua zamu yake ni ya mwisho.

Docus akasema, na sasa wa mwisho, mkubwa wetu wa majini.

Benoît akasimama.

Fred akavuta gunia kwenye ubao, Docus akasema, Kapteni Mkuu, Mzee Kathembo!

Tukawa tumesimama watu wawili. Makofi yakalia. Benoît akatazama nyuma, akatazama ubao. Halafu akapangusa benchi kwa mkono, kama mtu aliyesimama ili aondoe vumbi, akakaa tena polepole. Sijawahi kuona benchi likipanguswa vizuri hivyo.

Mimi nilihutubia. Sikumbuki nilisema nini. Naambiwa ilikuwa ndefu.

Halafu Aryemo akasema angefurahi kapteni mwenyewe amzungushe. Docus akasema bila shaka! Waliotusukuma walisukuma vizuri kupita kiasi. Tanga likajaa upepo. Nikavuta kamba hii, boti ikalala ubavu. Nikavuta ile, ikaanza kuzunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Mara tatu! Aryemo akauliza kwa adabu kama hii ndiyo desturi ya huku. Nikasema ndiyo, kwanza tunasalimia ziwa. Ule mti wa chini wa tanga ukageuka, ukanisalimia mimi kichwani.

Nilipopata akili tulikuwa ndani ya matete. Na mbele yetu kiboko, mdomo wazi, naona mpaka chakula cha jana. Nikapiga amri kwa sauti ya uwanjani: Kiboko, nyuma geuka! Hakugeuka. Hana mafunzo.

Benoît alikuja na mtumbwi. Akaugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia mpaka yule mnyama akazama na kuondoka. Akashuka majini na shati lake jeupe, maji kifuani, akatufunga kamba, akatuvuta mpaka ufukweni.

Aryemo aliposhuka akamshika mkono, akamwomba jina lake, ili akalitaje kwao Entebbe. Benoît akafungua mdomo. Fred akawahi, kwa wema tu, maskini Fred. Akasema dada, tusamehe, huyu ndugu hapendi jina lake litajwe. Mzee Kathembo ndiye alitueleza.

Benoît akageuka akanitazama. Nilingoja atukane. Wakongo wanajua kutukana, ningefurahi sana. Alinitazama tu, kama fundi anavyotazama ubao ulioliwa na wadudu ndani. Akakamua shati, akaenda.

Jumanne, 17 Februari

Mlango wa jirani umefungwa. Laurentine alimwambia Edisa kwamba Benoît amekwenda Mpondwe, amepata kazi ya milango, na yeye atamfuata akimaliza kufunga vyombo.

Docus na Fred walikuja. Docus aliuliza jambo moja tu: nilisema au sikusema? Nikasema palikuwa na kutoelewana. Docus akasema hakuna kutoelewana, kuna uongo, na uongo una mwenyewe. Fred hakuniangalia. Alirudisha sahani ya wale ngege, imeoshwa.

Boti zimelala mchangani, midomo chini. Hakuna anayejua kufunga zile kamba.

Edisa hajanisemesha tangu Jumapili. Leo alisema. Alikuwa anatoka kwenye shamba lake la chumvi kule ziwani, miguu imepasuka kwa maji ya chumvi. Akasema mzee, wale kaka zako wanne walikula nyama yako. Benoît yeye alikula nini chako?

Nimekaa nje mpaka uji ukapoa.

Ijumaa, 20 Februari

Nimekwenda Mpondwe! Siku ya soko, vumbi, malori ya forodha mpaka barabarani, wabeba mizigo wananiambia muzee toka njiani. Nilimkuta Benoît nyuma ya banda, anapiga randa mlango.

Sikupiga magoti, magoti yangu yakishuka hayapandi. Nilikaa kwenye mabaki ya mbao. Nikamwambia yote. Ngege, raba, gunia juu ya ubao. Alikuwa anapiga randa, mimi nasema, anapiga randa, mimi nasema. Nilipomaliza machozi yalikuwa yamefika. Ya kweli. Labda na vumbi la mbao kidogo.

Akaweka randa chini. Akasema hasira siko nayo. Muzee, ukapteni beba. Ukapteni haikuniuma. Ni jina. Mama alingojea nimupigie simu, nimuambie namna walipiga makofi. Nimuambie nini?

Nikamuuliza nifanye nini. Akasema atakuja Jumapili kwenye mkutano, yeye na Laurentine. Mimi nisimame mbele ya watu, niseme nilichofanya, halafu niite jina lake. Basi. Akisikia hivyo, atarudisha vyombo Katwe na kufundisha kama zamani. Kitu kingine hataki.

Nikaapa. Tukala sombe, yale majani ya muhogo, na samaki, sahani moja. Alinikatia samaki, akanisogezea upande wenye nyama.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimemwambia Edisa. Amenitilia chai, ya kwanza kwa siku tano, na akasema tu: mzee, iwe fupi.

Jumapili, 22 Februari

Watu walijaa. Wavuvi, wakata chumvi, hata wa kanisani walipita. Benoît na Laurentine benchi la mbele. Docus akatazama mawingu mlimani, akanipa dakika tano.

Nikasimama. Nilianza vizuri sana. Nilisema, nimekosa. Watu kimya! Sijapata kuona kimya kama kile maishani mwangu, hata jeshini. Watu mia, wote wananitazama mimi.

Nikaona haifai kuwaacha hivi hivi. Lazima waelewe anayeomba msamaha ni mtu wa namna gani. Mtu mdogo kuomba msamaha ni rahisi, mtu mkubwa kuomba ni jambo. Basi nikaeleza kidogo habari ya brigedi. Nikaeleza kuzaliwa wa tano. Wengine wakatikisa kichwa, wakasikitika. Nikaeleza safari ya Mpondwe, jua, umri wangu. Nikafika kwa kiboko, na namna alivyoondoka baada ya amri yangu. Watu wakacheka, wakapiga makofi! Makofi mengi!

Docus akasema mzee, muda. Nikasema bado, ndiyo naingia kwenye jambo lenyewe. Akasema mzee, mvua. Nikasema mvua ingoje.

Haikungoja. Ilishuka kama gunia lililopasuka. Watu wakakimbilia chini ya mabati. Benoît peke yake alibaki pale benchini, amesimama, maji yanamtiririka, ananitazama mdomo. Nikamwonyesha kwa mkono: kidogo tu, kidogo. Ngurumo ikapiga. Laurentine akaja, akamshika kiwiko.

Pale mbele palikuwa na lori la kwenda Mpondwe. Niliwaona wakipanda. Ndipo nikapiga kelele: Benoît! Nililiita kwa nguvu zote, mara mbili. Lakini mvua juu ya mabati, hata mimi mwenyewe sikujisikia.

Jioni Fred alikuja na ufunguo wa nyumba ya Benoît, akapakia vyombo vyao vilivyobaki. Nikasaidia kubeba meza. Ni meza nzuri. Edisa alibeba kiti, akapita karibu yangu. Sasa ndani ya ile nyumba hakuna hata msumari.

Nimefikiri sana kosa liko wapi. Nimelipata. Kosa ni la Docus. Dakika tano! Mtu wa historia kama yangu hawezi kufika kwenye jina la mtu mwingine kwa dakika tano.